Kilichoandikwa Chini ya Mbao

Kwa miaka kumi na moja niliwadanganya watu wa Tanga bila kujua kwamba nawadanganya. Harusini, msibani watu wakishatulia baada ya maziko, kwenye kijiwe cha kahawa kule Barabara ya Kumi na Mbili, nilikuwa na hadithi yangu moja: bunduki ya Babu iliokotwa Raskazone mwaka 1914, siku Waingereza walipokimbilia baharini wakaacha silaha zao chini ya minazi. Niliisimulia vizuri. Hata ushahidi nilikuwa nao, kwenye simu.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Karakana yangu iko Ngamiani, natengeneza bushi, ekseli za baiskeli, shafti za mashine za kusaga, na siku mbaya nachonga funguo. Bunduki sizigusi. Kazi ile ina leseni yake na mimi sina, na sitaki kuwa nayo. Lakini chuma ni chuma, na mtu aliyezoea kusoma alama za chuma akiona mhuri mdogo umepigwa mahali hawezi kupita bila kuinama. Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo haya, kwa kuinama.

Bunduki ya Babu ilikuwa nyembamba, nyepesi kuliko unavyotarajia ukiiona ukutani. Ni zile ninazoziita bunduki za komeo, kwa kuwa hufungwa kama mlango wa kizamani: unanyanyua mkono wa komeo, unavuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, unalaza mkono, mlango umefungwa. Mkono wa hii ulikuwa bapa kama kijiko. Ilikuwa na vifyatuo viwili, kimoja nyuma ya kingine, cha nyuma kikivutwa kwanza ili cha mbele kiwe chepesi kama unywele. Juu ya mtutu palikuwa na maandishi ya kujikunjakunja, jina la duka la Hamburg, nusu limefutwa na viganja. Na kwenye kitabu cha leseni, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu wa mwaka 1958, karani alikuwa ameandika: Mauser, 8 mm.

Baba Mkubwa ndiye aliyerithi leseni Babu alipofariki. Mwaka 2009 kitako kilipata ufa, naye akaomba kibali cha kuisafirisha hadi kwa fundi wa silaha mwenye leseni, Dar es Salaam. Nikamsindikiza. Fundi alikuwa mzee wa Kihindi, mkimya, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Akafungua parafujo mbili, akautoa mtutu kwenye mbao yake kama mtu anavyotoa ndizi kwenye ganda, akauweka mezani juu chini. Nikaona maandishi ambayo nadhani ukoo mzima ulikuwa haujawahi kuyaona. Nikatoa simu, nikapiga picha.

Palikuwa na taji. Chini ya taji herufi B, taji jingine na U, taji jingine na G. Palikuwa na namba 172,28. Palikuwa na 5.11. Na palikuwa na mstari huu, ambao ndio ulionimaliza: 2,67 g G.B.P. St.m.G.

Sasa fikiria kichwa cha mtu anayetaka hadithi. Taji ni la nani? La Mfalme wa Uingereza, tumeliona kwenye sarafu za zamani. G.B.P.? Kila aliyewahi kubadilisha fedha anajua hiyo ni paundi ya Uingereza. Kwa hiyo hii ni bunduki ya Waingereza, iliyotiwa thamani kwa paundi. Ilifikaje kwa babu yangu? Ilitoka vitani. Vita gani? Vya Tanga. Kwisha kazi. Fundi alikuwa amesimama umbali wa hatua tatu, angenijibu kwa sentensi moja. Sikumwuliza. Nikijichunguza leo naona sikuwa na aibu wala haraka, ila sikutaka kujibiwa.

Na hadithi ya vita vile kwetu ni tamu, huwezi kunilaumu sana. Kikosi cha Waingereza kutoka Uhindi, watu wapatao 8,000, kilitia nanga hapa tarehe 2 Novemba 1914. Upande wa pili von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakitawala hapa, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Kufika tarehe 5 Waingereza walikuwa wameshapanda tena meli zao. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na wao walitimiza. Waliacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha, na risasi laki sita hivi. Juu ya hayo kulikuwa na nyuki, waliotoka mizingani kwa mshindo wa risasi wakawashukia watu bila kuuliza nani wa upande gani.

Nilisimulia hayo hadi mwaka 2020, Baba Mkubwa alipofariki.

Bunduki ikapelekwa polisi kama sheria inavyotaka, na mwenye kushughulikia mirathi akawa Shangazi. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, ana sauti ya kuita watoto mstarini hata akiomba chumvi. Ofisa aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye macho. Alishika kitabu kwa mkono huu, akaitazama bunduki, akarudi kwenye kitabu. Akasema, "Mama, hapa pameandikwa Mauser. Mimi sioni neno Mauser mahali popote. Nahitaji maelezo yanayolingana na silaha, la sivyo nikihamisha hii nitakuwa nahamisha bunduki ambayo haipo."

Jioni Shangazi akaja karakana, akakaa kwenye ndoo.

"Wewe baba si ndiye unayejua habari za bunduki hii? Kila harusi nakusikia. Haya, nisomee."

Nikamweleza kwa kirefu: taji, paundi, Raskazone. Alinisikiliza hadi mwisho, hiyo ndiyo tabia yao walimu. Halafu akasema, "Baba yangu aliinunua kwa Mgiriki mwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza, mwaka 58. Nilikuwepo. Alilipa kwa mafungu matatu, na mama yangu alinuna mwezi mzima. Hiyo habari ya kuokota umeitoa wapi?"

Nilitafuta nilipoitoa. Nilimtafuta Babu akiisema, nikamkosa. Nilimtafuta Baba Mkubwa, nikamkosa. Nilichokipata ni mwalimu wa darasa la sita akitupitisha Raskazone akatuonyesha Waingereza walikoshukia, na mimi, mtoto wa miaka kumi na mbili, nikirudi nyumbani nikiitazama bunduki ukutani. Kazi yote ya kuunganisha niliifanya mwenyewe. Mitambo ya kukereza inahitaji umeme, akili ya mtoto haihitaji.

Tukarudi Dar es Salaam, safari hii kwa kibali cha polisi na askari wa kusindikiza. Mzee alikuwa hai bado, na miwani imekuwa mitatu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza nilichokuwa nasema miaka yote ile. Alicheka kidogo tu, akaniomba kitu kimoja: kabla ya kufungua mbao, niitazame bunduki kwa nje na nimwambie mwenyewe kwa nini haiwezi kuwa ya Waingereza wa 1914.

Nilijaribu. Waingereza na Wahindi wao walibeba Lee-Enfield, na mtutu wake ni wa milimita 7.7. Hii ni ya 8. Hapo tu hadithi yangu imekatika mguu, wala sijafungua hata parafujo moja. Askari wa Kijerumani wengi walibeba Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayobeba risasi moja kila mara na kutoa moshi mweupe kiasi cha kumwonyesha adui ulipojificha. Hii si ya 11. Wachache walikuwa na Mauser ya 1898, na hiyo ndiyo angalau ina ukubwa unaokaribia. Mzee akaniambia nitazame mkono wa komeo. Kwenye Mauser ya 98 mkono hukaa nyuma ya daraja, yaani ile sehemu ya nyuma ya bodi (kasha la chuma linalobeba komeo) inayofunika komeo. Kwenye hii daraja limepasuliwa juu, mkono unapita kwenye ufa huo na kulala mbele yake. Halafu akatoa komeo lote, akakizungusha kichwa chake, kikatoka mkononi kama kofia. Komeo la Mauser ya 98 ni kipande kimoja na kichwa chake.

"Hii," akasema, "ni mtoto wa bunduki ya 88. Na 88 haikubuniwa na Mauser."

Ndipo nikajifunza kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote vilivyofuata. Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani lilipata bunduki mpya iliyobuniwa na kamati. Ndiyo, kamati, na ilikuwa na dalili zote za kitu kilichobuniwa na kamati: magazini kwa mtindo wa Mannlicher wa Austria, komeo la mchanganyiko, na mtutu uliovishwa bomba jingine la chuma. Viwanda vya serikali havikutosha, kazi ikagawiwa pia viwanda binafsi, na kimojawapo ni C.G. Haenel wa mji wa Suhl, kilichoanzishwa mwaka 1840. Mauser akaja na bunduki bora zaidi miaka kumi baadaye, jeshi likahamia kwake. Lakini Haenel alikuwa na mashine, vipimo na mafundi wa mtindo wa 88. Ungekuwa wewe ungezitupa? Akaendelea kuunda bodi zilezile kwa ajili ya wawindaji: bila bomba la nje, mbao nzuri, vifyatuo viwili. V.C. Schilling, wa Suhl vilevile, alifanya hivyohivyo. Wakauza kwa wenye maduka, na mwenye duka akapiga jina lake juu ya mtutu.

Suhl ni mji wa Thuringia, mtaa mzima kazi ni moja. Mtutu unatoka kwa huyu, bodi kwa yule, mbao kwa wa tatu, mchoraji wa nakshi anakaa kona. Mtu wa Tanga anaelewa bila shida. Kitanda cha Kiswahili miguu hukerezwa na mmoja, nakshi huchongwa na mwingine, na jina utakalolisikia ni la aliyekuuzia.

Mzee akafungua mbao. Picha zangu zile zile, sasa kwa chuma chenyewe.

Taji ni la Kaiser. Ujerumani ilitunga sheria ya kujaribu bunduki mwaka 1891, ikaanza kutumika 1893, na taji ndilo mhuri wake. B ni ya Beschuss, kwamba imepigwa kwa baruti iliyozidishwa makusudi ili ikipasuka ipasukie kiwandani. U ni ya Untersuchung, kwamba baada ya kupigwa imekaguliwa ikaonekana nzima. G ni ya gezogen, kwamba mtutu una mifereji ndani. Hakuna mfalme wa Uingereza hapo.

172,28 ni ukubwa wa tundu la mtutu, kwa kipimo cha kizamani kilichonifurahisha kuliko namba zote: chukua ratili moja ya risasi, ile metali, iyeyushe, tengeneza vidonge vya duara 172 na kitu vinavyolingana, kila kidonge kitapita kwenye tundu la kiasi hicho. Namba ikipanda, tundu linapungua. Ndiyo hesabu ileile ya bunduki za marisau tunazoziita namba 12 mpaka leo.

5.11 ni mwezi wa tano, mwaka 1911. Basi. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa wazi, na mimi niliipita nikikimbilia paundi.

Na paundi zangu? G.B.P. ni Gewehr-Blättchen-Pulver, baruti ya bunduki ya vipande bapa. Gramu 2.67 ndicho kiasi chake. St.m.G. ni Stahlmantelgeschoss, kichwa cha risasi kilichovishwa ganda la chuma. Ni maelekezo ya chakula: bunduki hii inakula baruti hii, kiasi hiki, na risasi ya namna hii. Mzee aliposoma "G.B.P." na kuniona uso wangu, aliondoa miwani yote mitatu akafuta macho.

Pembeni kabisa, karibu na mahali mtutu unapoingia kwenye bodi, kulikuwa na herufi tatu ndogo ambazo picha yangu ya 2009 iliziacha nje ya fremu: C.G.H.

Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi ya kuchekesha tu. Lakini Mzee hakuwa amemaliza. Akachukua kidonge cha risasi laini, akakisukuma polepole ndani ya mtutu mtupu kwa fimbo ya shaba hadi kikatokea upande wa pili na alama za mifereji, akanipa. "Wewe fundi wa vipimo. Pima." Nilikuwa na kipimo changu cha vernia kwenye begi, siachi. Nikapima mara tatu: milimita 8.08.

Akauliza Babu alikuwa akipiga risasi gani. Sanduku lake la mwisho tulikuwa nalo, tupu, Shangazi alikuwa akilitia vifungo vya nguo. Lilikuwa limeandikwa 8 mm Mauser. Hapo ndipo karani wa 1958 alipolitoa jina: hakusoma bunduki, alisoma sanduku. Na sanduku lenyewe lilikuwa na makosa yake, maana risasi ile ilizaliwa pamoja na bunduki ya kamati, na jina la Mauser lilikuja kupakwa juu yake baadaye, huko nchi za nje.

Kati ya 1903 na 1905 Wajerumani waliibadilisha. Risasi ya kwanza, inayoandikwa 8x57 J (hiyo J kwa kweli ni I ya Infanterie, mwandiko wao tu), ilikuwa na kichwa cha duara cha gramu 14.7 na unene wa milimita 8.08 hivi. Ya pili, yenye herufi S, ina kichwa chenye ncha cha gramu 10 hivi, na unene wa 8.20. Mitutu ya jeshi iliyorekebishwa ikapigwa S. Mitutu ya wawindaji mingi ikabaki vilevile kwa miaka mingi baadaye. Ganda ni karibu lilelile, kwa hiyo risasi ya pili inaingia vizuri kwenye bunduki ya kwanza, mlango unafungwa, na huoni tatizo lolote hadi ukivuta kifyatuo. Milimita 0.12. Kwangu mimi bushi ikizidi kiasi hicho mteja anairudisha. Ndani ya mtutu ziada hiyo yote inalazimishwa kupita kwa nguvu ya baruti, na mgandamizo unarudi kwenye komeo, yaani mbele ya uso wa mpigaji.

Babu alikuwa akisema bunduki yake "inapiga teke kama punda wa Pangani". Alikuwa akisema maganda yanang'ang'ania, mpaka aupige mkono wa komeo kwa kiganja ndipo ufunguke. Tulikuwa tukicheka. Alikuwa akilinda mahindi dhidi ya nguruwe kule Handeni, anarudi bega limevimba, Bibi anamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Mwaka 1973 serikali ilipopiga marufuku uwindaji, akaitundika ukutani na hakuipiga tena hata marufuku ilipoondolewa. Tulidhani ni uzee. Sasa nafikiri bega lake lilijua kitu ambacho kitabu cha leseni hakikujua.

Shangazi aliposikia hayo alikaa kimya, akaniuliza kama masanduku yale alinunua bila kujua. Nikamwambia aliyemuuzia alisoma kitabu, na kitabu kilisoma sanduku la kwanza. Hakusema kitu. Alikwenda kukitoa kile kisanduku cha vifungo, akakitazama, akarudisha vifungo ndani.

Baada ya hapo habari zikaenea, kama zinavyoenea Tanga, kwa baiskeli. Watu wakaanza kuniletea picha. Picha, si bunduki. Na kila mtu namwuliza kwanza kitabu cha leseni kiko wapi, akianza kung'ata maneno nafuta picha mbele yake. Nyingi ni rahisi. Brno za Czechoslovakia, hasa ile ZKK 602 kubwa ya kazi za tembo na nyati, zimenipunguzia kazi: zina mhuri wa simba na tarakimu mbili za mwaka, unasoma unaondoka. Kulikuwa na Husqvarna ya Sweden ambayo mwenyewe aliionea haya, maana kwetu Husqvarna ni msumeno wa kukatia miti. Nikamwambia kiwanda hicho kilianza kwa bunduki mwaka 1689, msumeno ni mjukuu. Aliondoka kifua mbele. Mwingine alikuwa na Mauser halisi ya uwindaji, ya kiwanda chao cha Oberndorf, Ujerumani, na alitaka nimpe mwaka kwa namba yake. Hapo nilimwonyesha mihuri tu, maana Wafaransa walipokikalia kiwanda hicho mwaka 1945 walikibomoa, na kumbukumbu zake nyingi ziliteketezwa.

Iliyonikamata ni ya mzee mmoja wa Korogwe, bwana nyama mstaafu. Alinitumia picha na maneno manne: "BSA. Birmingham. Kama baiskeli."

BSA kwetu ni baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli. Babu alikuwa na moja. Mbele kwenye bomba la usukani kulikuwa na alama ya vijiti vitatu vimeegemeana, nami utotoni nilidhani ni kuni zimesimamishwa kwa ajili ya jiko. Ni bunduki tatu. BSA maana yake ni kampuni ya silaha ndogo ya Birmingham, iliyoanzishwa 1861, baiskeli zilikuja baadaye. Kwa hiyo bwana nyama alikuwa na haki ya kudhani kwamba bunduki yake ni ya Birmingham kama baiskeli ilivyo.

Lakini picha ilikuwa na kasoro ndogo. Juu ya daraja la bodi chuma kilikuwa kimenyolewa. Mtu aliyewahi kutumia tupa anajua: rangi nyeusi ya chuma inapokea mwanga tofauti mahali palipoondolewa kitu. Nikamwomba apige picha ya pete ya mbele ya bodi, karibu na mtutu. Ikaja, na herufi tatu zimefifia: ERA.

Kwenye Vita Kuu ya Kwanza viwanda vya Uingereza vilizidiwa, wakaagiza bunduki Marekani, mtindo unaoitwa P14. Viwanda vilikuwa vitatu na kila kimoja kilikuwa na alama yake: W ni Winchester, RE ni Remington, na ERA ni kile cha Remington kilichokuwa Eddystone, Pennsylvania, kwenye eneo la Baldwin, watengenezaji wa vichwa vya treni. Vyote pamoja viliunda zaidi ya milioni moja. P14 ilikuwa na masikio mawili makubwa ya chuma juu ya daraja, ya kulinda kilengeo cha nyuma. Baada ya vita vya pili bunduki hizi zikawa nyingi na rahisi, BSA wakazichukua, wakayakata masikio, wakapunguza mbao, wakapiga jina lao, wakawauzia wawindaji wa makoloni.

Nikampigia mzee wa Korogwe, nikamwambia bunduki yake ni Mmarekani aliyekatwa masikio. Kimya kirefu kwenye simu. Nikadhani nimemkosea adabu. Halafu: "Miaka thelathini na moja nimeshika kile chuma kwenye mvua, na kidole gumba changu kilikuwa kinagusa pale palipopunguzwa kila nikilenga. Nilidhani ni mimi nimepalainisha."

Basi nimekuwa na msimamo wangu, na wengine hawaupendi. Kuna mzee wa Lushoto ana Parker-Hale. Jina la Birmingham kabisa, nzuri, mbao inang'aa. Bodi yake ilitoka Santa Bárbara, kiwanda cha La Coruña, Hispania. Alikasirika nilipomwambia, akauliza kama nadai bunduki yake ni ya bandia. Siyo. Mtutu umetengenezwa Birmingham, imeunganishwa Birmingham, imejaribiwa Birmingham. Ni kama zile Mark X zilizouzwa na Interarms ya Marekani wakati bodi zake ni za Zastava, Kragujevac, Yugoslavia, na zinafanya kazi bila kulalamika. Ninachokataa ni mtu kusoma juu ya mtutu akafunga kitabu. Juu ya mtutu ni mahali pa muuzaji. Chuma chenyewe kinajieleza chini ya mbao, mahali ambapo hakuna mteja wa kuvutiwa.

Nimejifunza pia kuogopa alama ninazozielewa haraka. Taji nililielewa mara moja. G.B.P. niliielewa mara moja. 5.11, ambayo ndiyo iliyokuwa na jibu, ilinisumbua kidogo, nikaiacha. Siku hizi picha ikija nikaona nimeshaijua kabla ya kukaa chini, naiweka, naenda kukereza bushi mbili tatu, nairudia jioni.

Maelezo ya bunduki ya Babu yaliandikwa upya kwa barua ya Mzee yenye mhuri wake, vipimo vyake, na onyo la risasi kwa wino mwekundu. Shangazi aliamua isihamishiwe kwa mtu, ibaki mikononi mwa serikali. Alisema nyumba yake ina wajukuu saba na ukuta mmoja. Siku ya kutia sahihi tulikwenda pamoja. Ofisa yule kijana alikuwa anaandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili.

"Haenel inaandikwaje, Mama?"

Shangazi akamtajia herufi moja moja, kwa sauti ya ubaoni, na alipofika kwenye E ya kwanza akamsimamisha kuhakikisha haikurukwa.

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi Makorora. Baada ya pilau wazee wakaniita, kama kawaida, niwape ile ya Raskazone. Nikasema hadithi ile imeisha, bunduki ni ya Suhl, imejaribiwa Mei 1911, imenunuliwa kwa Mgiriki kwa mafungu matatu. Wakanitazama kama mtu aliyewamwagia chai. Kijana mmoja akauliza, kwa huzuni kabisa, kama basi hata vita havikuwepo.

Shangazi alikuwa meza ya pili, anatenga halua kwenye karatasi ya kupeleka nyumbani. Hakugeuka.

"Mwacheni awaambie ya nyuki," alisema. "Ya nyuki ni kweli."